Mkono Uliofutwa Ufukweni

Hakuna aliyemuuliza Vernell Mathis kabla ya kumfuta. Walimfuta kimyakimya, kwenye kompyuta, watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku aliposimama kwenye mchanga wa Palmora, pwani ya Florida, na ndoo ya rangi mkononi. Kisha wakamletea zawadi nyumbani na kumwambia hongera.

Zawadi yenyewe ilikuwa filamu. Bwana Gordon Pell, mwenyekiti wa kamati ya tamasha la Siku za Machi, aliileta mwenyewe Ijumaa moja ya Februari mwaka 2014, amevaa shati la maua kana kwamba baridi ya asubuhi ile haimhusu. Aliketi kwenye kochi la Vernell, akanywa bilauri mbili za chai baridi ya sukari, akaeleza. Filamu ya "Wiki Moja ya Machi" ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Mji ungeionyesha tena kwenye sinema ya zamani ya Barabara ya Bahari, Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa tisa mchana, kabla wanafunzi wa vyuo hawajaanza kumiminika kwa likizo yao. Ilikuwa imesafishwa hadi inang'aa. Na kwa kuwa Bi Mathis ndiye pekee aliyebaki hai mjini kati ya wote walioifanyia kazi, angekaa kiti cha mbele kabisa na kuombwa aseme maneno machache.

"Maneno gani?" Vernell akauliza.

"Yoyote, mama. Zamani zile. Raha zile."

Vernell alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa amefua mashuka na taulo za hoteli za ufukweni, akijua kwa harufu tu kama mgeni alikunywa bia au alijipaka mafuta ya nazi. Alijua pia kwamba mtu akisema "raha zile", inafaa kumuuliza ni raha za nani. Lakini siku ile hakuuliza. Alikuwa na haja yake kwenye filamu ile, haja ya sekunde mbili tu, na aliwaza kwamba filamu ikisafishwa basi na sekunde zake mbili zitaonekana vizuri zaidi. Akapokea zawadi, akashukuru, akamsindikiza mgeni hadi kwenye gari.

Sekunde mbili zenyewe zilianza hivi.

Januari mwaka 1964 Vernell alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa kuliko zote za Palmora. Ikaja kampuni ya filamu kutoka California. Walitaka kutengeneza hadithi ya wanafunzi wanaokuja Florida kwa likizo ya Machi, wanaimba, wanapendana, wanagombana kidogo, na kufikia Jumapili kila mtu amepata wake. Walikuja Januari kwa sababu Januari vyumba ni rahisi. Lakini Januari Palmora ina baridi, na wale vijana walioletwa kutoka kaskazini kucheza watu waliokaa juani walikuwa weupe kama unga.

Kwa hiyo ikabidi wapakwe rangi. Na hapo ndipo ilipo sheria ya kazi ile, maana watu wa filamu wana sheria kuliko mahakama: fundi wa vipodozi, bwana mmoja mwenye koti safi, hupaka kichwa, uso na viganja. Kuanzia shingoni kwenda chini si kazi yake, ni kazi ya wanawake. Wanawake wa kazi hiyo walikuwa wawili tu na vijana walikuwa arobaini. Meneja wa hoteli akashuka chumba cha kufulia, akanyoosha kidole: wewe, wewe, wewe, na wewe. Vernell alikuwa wa tatu.

Wakapewa sponji na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji ya rangi ya kahawia. Kila alfajiri wasichana wanne weusi walisimama nyuma ya hoteli wakiwapaka vijana weupe rangi ya kahawia, mabega, mgongo, mapaja, nyuma ya magoti, ili wafanane na watu wanaoshinda ufukweni.

Na ufuko ule, kwa taarifa yako, Vernell hakuruhusiwa kuukanyaga. Hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa. Ufuko wao ulikuwa ng'ambo ya mlango wa mto, hauna daraja, hauna choo, hauna hata bomba la maji. Mtu aliyezaliwa na rangi hiyo alikatazwa mchanga, na mtu aliyepakwa rangi hiyo kwa sponji akalipwa aulalie. Soma tena kama hukuelewa. Vernell mwenyewe alichukua siku tatu kuelewa, na alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikamkauka.

Ili wapate kuwapaka vijana waliofutika rangi katikati ya kazi, wale wasichana walipewa ruhusa maalumu: kushuka mchangani wakiwa na ndoo, kupaka, na kupanda tena. Ukionekana huna ndoo, askari aliyesimama kwenye ngazi anakuuliza unatafuta nini. Siku ya nne Vernell aliweka ndoo chini, akavua viatu, akaingiza miguu majini hadi kwenye vifundo, basi tu, ajue maji ya upande ule yakoje. Askari alimshika mkono akamvuta hadi kwenye ngazi mbele ya watu wote, na hakuna kijana hata mmoja, kati ya wale aliowasugua migongo asubuhi, aliyefungua mdomo. Kwani wangeufunguaje? Midomo yao ilijaa barafu.

Hilo nalo halikuwa la mzaha. Kwa baridi ile kila aliyesema alitoa mvuke mdomoni, na ufuko wa Machi hauna mvuke. Kwa hiyo kabla ya kamera kuanza, kila mchezaji alipewa kipande cha barafu akimung'unye, mdomo upoe, kisha akiteme na kuimba habari za jua. Barafu hiyo ililetwa kila asubuhi na gari la kijana mmoja mrefu aitwaye Lucius Mathis, aliyeibeba ngazini kwa gunia begani. Siku ile ya askari, Lucius aliona kila kitu. Alipopita karibu na Vernell hakumpa pole. Alisema, "Maji yalikuwaje?"

"Baridi," Vernell akajibu.

"Basi hujakosa kitu. Yetu ni hivyohivyo, tena bila askari."

Miezi kumi na minane baadaye walioana, na wakakaa pamoja miaka arobaini na mitano.

Siku ya tisa ikawa ya mkono. Binti mmoja wa Ohio, mwenye nguo ya kuogelea ya njano, alitakiwa asimame akimtazama kijana anayetoka majini na ubao wake. Jua lilikuwa linakimbia na mwongozaji alikuwa anafoka. Mkanda wa nguo ya yule binti ukateleza begani ukaacha mstari mweupe. Wakamwita Vernell. Akakimbia na sponji, na mwongozaji, kwa pupa yake, akaamuru kamera ianze kabla hajatoka. Kwa hiyo kwenye picha mkono mweusi mwembamba unaingia kutoka kushoto, hadi karibu na kiwiko, unagusa bega la binti mara mbili, unatoka. Jua likazama. Hawakuwa na picha nyingine. Wakaitumia hiyohiyo, wakiamini hakuna atakayeona.

Waliona. Mwezi Mei filamu ilipofika Palmora, Vernell na Lucius walipanda ngazi za nyuma za sinema ya Barabara ya Bahari hadi roshani, mahali walipotengewa watu weusi, pamoja na nusu ya kanisa. Mkono ulipotokea, Lucius aliruka kwenye kiti akapiga ukelele, "Huyo! Huyo ni Vernell wangu!" na roshani nzima ikapiga miguu sakafuni mpaka weupe wa chini wakageuza shingo. Katika filamu nzima, kwenye ufuko ule wote wenye mamia ya watu, hicho ndicho kitu cheusi pekee. Si mtu. Mkono tu. Lakini ulikuwapo, na ulikuwa wao.

Baadaye filamu ikaingia kwenye televisheni, kisha kwenye kanda, kisha kwenye diski. Kila ilipoonyeshwa, Lucius alikaa ukingoni mwa kochi akingoja dakika ya arobaini na moja, na ikifika anapiga ukelele uleule, kwa maneno yaleyale, watoto wakiwa wameziba masikio. Vernell hakuwa na picha yake hata moja ya usichanani. Kimbunga cha mwaka 1979 kiliondoka na paa la nyumba ya mama yake pamoja na sanduku la picha. Sekunde mbili zile ndizo alizobaki nazo. Lucius alipofariki, hakuitazama tena filamu. Miaka minne ilipita.

Sasa, Jumapili baada ya ibada, alikaa na mjukuu wake Keziah, muuguzi wa miaka ishirini na sita mwenye ulimi mwepesi, wakaweka zawadi ya Bwana Pell kwenye mashine.

Ilikuwa inang'aa kweli. Bahari ilikuwa ya buluu ambayo Vernell hakuwahi kuiona, hata kwenye bahari yenyewe. Akajikuta anaimba pamoja na wale vijana, maneno yote anayajua.

"Bibi, unaipenda hii takataka," Keziah akasema.

"Nyamaza. Dakika ya arobaini na moja hiyo inakuja."

Ikaja. Binti wa njano akasimama. Bega likang'aa. Nyuma yake anga. Kijana akatoka majini na ubao. Basi.

"Rudisha," Vernell akasema.

Keziah akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu akasimamisha picha na kusogea hadi kwenye kioo. Pale ulipokuwa mkono palikuwa na anga tu, laini, bila hata alama.

"Bibi, haupo. Wameutoa."

Vernell alifura. Hasira ile ilianzia tumboni ikapanda polepole, maana ilikuwa na safari ndefu ya kupanda, na ilipofika juu alinyanyua simu.

"Bwana Pell, mkono wangu uko wapi?"

"Samahani, mama?"

"Kwenye filamu. Dakika ya arobaini na moja."

Bwana Pell akacheka kidogo, kicheko chema cha mtu asiyejua anakanyaga nini. "Aa, ule! Mafundi wameutoa. Lilikuwa kosa, unajua. Wamesafisha makosa yote. Mikwaruzo, vumbi, unywele uliokuwa umenasa kwenye lenzi, na..."

"Na mimi."

"Hapana, mama, si wewe. Ni mkono tu."

"Mkono wa nani?"

Bwana Pell alikuwa ameishi Palmora miaka arobaini na kitu, alikuwa ameitazama filamu ile mara zisizohesabika, alikuwa amekunywa chai ya mwanamke huyu juzi tu, na hakuwahi kujiuliza mkono ule umeunganishwa na nani. "Sikujua," akasema hatimaye. "Kwenye orodha ya wafanyakazi umeandikwa kufua. Nakuja kesho."

Alikuja, safari hii bila shati la maua. Vernell alimkalisha jikoni, si sebuleni, na hakumpa chai.

"Nieleze unakipendea nini kitu hiki," akamwambia. "Nataka kujua mnaninyang'anya kwa ajili ya nini."

Bwana Pell akasugua magoti. Akasema alikuwa na miaka kumi na minne alipoiona, Indiana, theluji imefika madirishani, baba yake akirusha sahani ukutani karibu kila Jumamosi. Kwenye filamu hakuna baba anayepiga kelele. Hakuna anayelewa akatapika, hakuna anayeumizwa, ugomvi wote unaisha kwa watu kucheza dansi. Akajiapiza kwamba mahali hapo papo na atafika. Alifika mwaka 1968, kwenye gari la rafiki yake, akalala mchangani siku tano, akakutana na Connie, akamuoa. Connie amefariki. "Nikiiona ile bahari, mama, narudi kuwa kijana wa miaka kumi na minane. Ni hilo tu."

Vernell aliangalia viganja vyake mezani. Alitaka sana kumchukia mtu huyu na alikuwa anashindwa, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Mimi pia nilipata mume pale," akasema. "Alikuwa analeta barafu."

Uso wa Bwana Pell ukachanua. "Basi unaelewa!"

"Naelewa kuliko wewe. Wewe una bahari yote, una nyimbo, una kila bega na kila paja. Mimi nina mkono. Mkono mmoja, sekunde mbili, nao mmeutoa kama unywele wa kwenye lenzi. Mkono usiporudi, Jumamosi msinitafute. Kiti chenu kalieni wenyewe."

"Diski ya zamani ninayo nyumbani," Bwana Pell akasema haraka. "Ina mikwaruzo, lakini mkono upo. Tutaonyesha hiyo. Nakuahidi." Akasimama, amefurahi ghafla, amefurahi mno. "Na watu watafurahi, mama! Hujui wanavyoupenda mkono ule."

Vernell hakuelewa maana yake. Alimfungulia mlango.

Jumamosi alielewa.

Keziah alimshusha mbele ya sinema saa tisa kasoro robo. Alikuwa amevaa suti yake nyeupe ya Jumapili, ile ya wahudumu wa mlangoni kanisani, na kofia. Barabara ilijaa watu wa rika la Bwana Pell, mashati ya maua, mashada ya maua ya plastiki shingoni, matumbo mbele. Mlangoni alisimama msichana mwenye nguo ya kuogelea ya njano na sweta juu yake, akigawa kitu kutoka kwenye boksi.

Kadibodi. Kadibodi iliyokatwa umbo la mkono, ikapakwa rangi ya kahawia, ikagundishwa kwenye kijiti kama bendera za watoto. Kila aliyeingia alipewa wake. Ndani, watu mia tatu walikuwa wanaipunga, na mmoja akipaza sauti "Mkono!" wenzake wanaitikia "Mkono!" na kupiga funda la bia.

"Ndio mashabiki wetu wakongwe," Bwana Pell akamweleza, akitokwa jasho la furaha. "Kila mwaka tunakutana. Ukitokea tu, kila mtu ananyanyua na kupiga kelele. Ilikuwa imeniuma kuukosa mwaka huu, sikusema tu. Wanaupenda kuliko mchezaji yeyote!"

"Wanaucheka," Vernell akasema.

"Wanaushangilia, mama."

"Bwana Pell, mimi nimecheka na nimechekwa. Tofauti naijua."

Keziah alikuwa ameshika mkono mmoja wa kadibodi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu chooni. "Bibi, twende zetu. Hawa hawana haya. Wanakuvisha kilemba cha ukoka, halafu wanakuuza mlangoni kwa vijiti."

"Hatuendi popote."

"Bibi."

"Nilishaondolewa mara moja kwenye filamu hii, mbele ya watu. Leo siondoki. Nipe mkono wako, ngazi za jukwaa zimeinuka."

Akapanda. Watu wakampigia makofi kwa moyo, bila hila, na wengine wakapunga kadibodi. Bwana Pell akachukua kipaza sauti, akawaambia huyu hapa ndiye mwenye mkono, mwenyewe, mzima! Ukumbi ukalipuka. Walikuwa wamekunywa kidogo na walikuwa na furaha ya kweli, kama watu waliokutana na ndugu. Kisha akamgeukia Vernell na kuuliza swali alilokuwa ameliandika kwenye karatasi: "Bi Mathis, tuambie. Zamani zile zilikuwaje?"

Vernell alichukua kipaza sauti. Kanisani kazi yake ilikuwa kuwakalisha watu bila kusema neno, kwa hiyo alisimama tu akiwatazama mpaka ukumbi ukatulia wenyewe.

"Walikuwa na baridi," akasema. "Wote mnaowapenda humo. Walikuwa wanatetemeka kama vifaranga, na midomo imejaa barafu. Rangi ile ya jua niliwapaka mimi kwa sponji. Hiyo rangi mnayoiona nzuri, hiyo hapa." Akanyoosha mkono wake. "Sikuruhusiwa kukanyaga mchanga ule kwa sababu nilikuwa nayo ya kuzaliwa. Nilishuka na ndoo, kama mbwa anavyoshuka na mnyororo. Siku moja nilitia miguu majini, nikavutwa na askari. Mume wangu mtarajiwa ndiye pekee aliyenisemesha. Filamu ilipoonyeshwa humu ndani, nilikaa kule juu, kwa sababu huku chini mlikuwa mmekaa nyinyi."

Hakuna aliyepunga kitu sasa. Katika safu ya tatu bwana mmoja mnene, mwekundu usoni, akainua kichwa. Hakuwa mkali. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfanya aseme.

"Mama, ni utani tu huu. Hakuna aliyekusudia ubaya."

"Najua hukukusudia," Vernell akamjibu. "Miaka hamsini hakuna aliyekusudia. Askari hakukusudia, alitumwa. Aliyenifuta hakukusudia, alikuwa anasafisha. Wewe unayenichekea na bia hukukusudia, unatania. Nimechoka na watu wasiokusudia, baba. Nimechoka nao mpaka mifupani. Laiti hata mmoja angekusudia, ningejua pa kumshika."

Kutoka nyuma sauti ya mwanamke ikasema hii ilikuwa siku ya furaha, na watu sita hivi wakainuka wakatoka. Vernell aliwangoja mpaka mlango ukafungwa.

"Mliobaki, hiyo mikono iwekeni chini ya viti. Na picha ikifika pale, mnyamaze. Sitaki makofi. Sitaki mnisifu. Mtazame tu, kwa sekunde mbili, kama mnavyomtazama mtu."

Kadibodi zikashuka, moja moja, zikikwaruza sakafu. Vernell akarudi kiti cha mbele akakaa kati ya Keziah na Bwana Pell, aliyekuwa ameinamisha kichwa na hajui aweke wapi mikono yake mwenyewe. Taa zikazimwa.

Diski ya zamani ilikuwa na mikwaruzo kweli, na bahari yake ilikuwa ya kijivu kama bahari yoyote ya Januari. Nyimbo zikaanza. Mguu wa Vernell ukaanza kugonga sakafu, na alipougundua aliukanyaga kwa mwenzake, amekasirika. Hakutaka wimbo ule umpendeze leo. Ulimpendeza. Alikuwa na miaka kumi na tisa ndani yake, na Lucius anapanda ngazi na gunia begani, na hakuna wa kumrudishia hayo isipokuwa haya mapicha ya uongo yaliyomtupa nje.

Dakika ya arobaini na moja. Binti wa njano akasimama. Ukumbi wote ukashika pumzi, watu karibu mia tatu, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ile itengenezwe mkono uliingia kutoka kushoto bila mtu kupiga ukelele, bila miguu sakafuni, bila Lucius.

Na katika kimya kile, kutoka kwenye spika kubwa za ukutani, ikasikika sauti. Ilikuwa hafifu, chini ya mawimbi, lakini ilikuwa wazi. Sauti ya msichana, ya upande huuhuu wa Florida, ikisema kwa ukali kidogo, kama dada mkubwa: "Tulia, mwenzangu. Sijamaliza."

Mkono ukatoka. Kijana akaja na ubao wake, muziki ukapanda.

Keziah aligeuka. "Bibi. Huyo ni nani aliyesema?"

Vernell alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakukumbuka kusema vile. Miaka hamsini hakujua kwamba alisema lolote. Kila mara mtu alikuwa amepiga kelele juu yake, anayempenda na asiyemjua. Akainama kumwelekea Bwana Pell.

"Mwambie mtu wa mashine arudishe nyuma."

"Mama, watu wote hawa... filamu inaendelea."

"Mimi nimengoja miaka hamsini. Wao wangoje dakika moja. Arudishe, nataka kujisikia tena."

Bwana Pell akainuka gizani, akapita mbele ya watu akiomba radhi safu kwa safu, akaenda kumwambia.